Matanga ya Landrova

Kuna harufu ambayo huwezi kuinunua dukani. Ni petroli, tumbaku iliyokauka, na asali iliyomwagika zamani kwenye kiti, halafu jua la Tabora likaipika humo miaka na miaka. Wiki iliyopita niliikuta mahali nisipoitarajia kabisa, kwenye gereji moja ya hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimekwenda kubadilisha breki. Fundi akafunua turubai kwenye gari kuukuu lililokuwa pembeni, akafungua mlango, na harufu ile ikatoka. Nilisimama pale nikivuta pumzi mpaka fundi akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, ila nimekutana na mtu wa nyumbani. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye spana zake. Watu wa Dar wamezoea vichaa.

Nyumbani kwenyewe ni Tabora, mtaa mmoja wa Ipuli, na mtu mwenyewe alikuwa Landrova. Nasema mtu kwa sababu hivyo ndivyo tulivyomhesabu. Ilikuwa ya zile za zamani zenye tairi la akiba juu ya boneti, rangi yake ya kijani imepauka mpaka huwezi kuapa kwamba iliwahi kuwa ya kijani. Baba yangu, Mzee Luhende, aliwahi kuwa dereva wa Mzungu mmoja aliyekuwa akinunua nta ya nyuki huko misitu ya Usinge, na Mzungu alipochoka na mbung'o akarudi kwao, gari likabaki kwa Baba. Halikuwaka bila kupigwa hendeli. Kila alfajiri ulisikia chuma kikigongana, Baba akiguna, halafu kishindo, moshi, na kuku wakitawanyika uani. Sikujua kwamba kuna nyumba ambamo watu huamshwa na jogoo.

Gari lile lilibeba kila kitu. Lilibeba madebe ya asali na mitumba ya tumbaku, lilibeba mabibi harusi wa kanisani kwetu kwa Wamoraviani na mabibi harusi wa Kiislamu wa mjini waliofunikwa kanga kutoka utosini. Masika yalipozidi, lilivuta gari la mapadri wa Kipalapala kutoka kwenye matope huku wanafunzi wa seminari wakilisukuma kwa nyuma na kanzu wamezikunja kiunoni. Lilibeba wagonjwa. Lilibeba majeneza, na siku hizo Baba alifunga kitambaa cheupe kwenye kioo cha pembeni na hakupiga honi hata mara moja. Mimi mwenyewe nilizaliwa humo, kwenye makutano ya barabara na reli, tukisubiri treni ipite. Mama alikuwa akisema ndiyo maana napiga kelele.

Aliyelipatia gari jina alikuwa jirani yetu Bi Tatu, mama mtu mzima aliyekuwa akishona kofia na kuuza vitumbua, na sauti yake ilifika mtaa wa pili bila yeye kuinuka. Bi Tatu alizaliwa Tabora, na mama yake alizaliwa Tabora, lakini ukimuuliza kabila atakwambia ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi ni watani wake. Baba alinieleza chanzo chake nikiwa mdogo sana. Zamani za misafara, babu zetu walishuka pwani na mizigo kichwani, na babu za Bi Tatu wakapanda huku bara, na watu wakakutana njiani wakiwa na njaa na homa. Waliogawana maji, wakauguzana na kuzikana, wakawa watani. "Anayekuzika ugenini," Baba alisema, "ana haki ya kukutukana nyumbani." Kwa hiyo Bi Tatu alimtukana Baba kila siku ya Mungu, na Baba alimjibu, na aliyekasirika alilipa kuku. Sikumbuki kuku aliyelipwa.

Bi Tatu alipoona Landrova inavyohangaika na mizigo ya mtaa mzima, alisema, "Mnyamwezi ni mpagazi tu. Hata akinunua gari, gari nalo linakuwa mpagazi." Basi ikawa Mpagazi. Watu waliuliza, "Mpagazi kaenda wapi leo?" kama wanavyomuulizia mtu.

Nataka mnielewe nilivyojisikia nikikaa kiti cha mbele. Nilikuwa darasa la tatu, kitindamimba, kaka zangu wote wamekwenda kutafuta maisha Mwanza na kwingineko, kwa hiyo kiti kile kilikuwa changu peke yangu. Tulipoingia mtaani, Mama Sado, muuza nyanya, alisogeza meza yake mpaka ikagusa ukuta. Wenye baiskeli walishuka wakasimama kwenye majani. Wanawake waliwaita watoto kwa majina, nao wakakimbilia ndani. Barabara nzima ilifunguka mbele yetu. Shuleni tulikuwa tumefundishwa habari za watemi wa zamani, jinsi walivyopita na watu wakapisha, na mimi nikahitimisha kimoyomoyo kwamba Baba yangu ni mtemi ila hajapenda kulitangaza. Nilikaa wima. Nilijitahidi kutotabasamu, maana sikuwa nimesikia kwamba watoto wa mtemi hutabasamu ovyo.

Na Baba alikuwa na mchezo wake nami.

"Nyamizi, mbele kuna nini?"

"Mbuzi, Baba. Upande wa kushoto."

"Wanafanya nini?"

"Wanakula boksi."

"Vizuri," alikuwa akisema, na kupunguza mwendo.

Nilitaja mbuzi, nilitaja mikokoteni, nilitaja bibi aliyebeba kuni. Nilikuwa hodari sana wa mchezo ule, na Baba alinisifu mbele za watu kwamba mtoto huyu ana macho.

Mwaka ule Mama alimpeleka Baba hospitali kuonana na daktari wa macho. Walirudi jioni. Niliambiwa Baba anaumwa macho kidogo, akapewa dawa ya matone, na mimi nikafundishwa kuhesabu matone nikimtia. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua walichoambiwa siku ile: ni presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni ukielekea katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Daktari alimkataza kuendesha. Mama alimsihi aliuze gari, kwa maana aliona kwamba likiwa uani, Baba atalipiga hendeli tu. Baba alisema anafikiri.

Ndipo akatokea mgeni wa Kigoma. Alikuwa na nyumba ya wageni kule ziwani, na alitaka gari la zamani la kuwatembezea watalii, kuwapeleka Ujiji na kurudi. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mtu mbaya, maana mimi nilimchukia kwa moyo wangu wote, lakini hakuwa mbaya. Aliizunguka Landrova taratibu na mikono nyuma, kama watu wanavyoingia kanisani wasikosali. Alipiga magoti akatazama springi, akainuka na vumbi kwenye suruali bila kujali. Alisema gari kama hili analijua tangu utoto, na hakudhani ataliona tena likitembea.

Baba alimkirimu ugali na kuku, akapiga hendeli ili mgeni asikie mlio, wakasikiliza wote wawili wameinamisha vichwa. Halafu Baba akasema bado anafikiri. Mgeni akarudi Kigoma. Akaja tena, akala kuku tena, akasikia mlio tena, Baba bado anafikiri. Mama alisema jikoni, kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni, "Fikra gani hizi zinazomaliza kuku?"

Mimi nilikuwa nikiomba. Kila usiku nilimwomba Mungu ampe Baba nguvu ya kukataa, na kumpa mgeni gari jingine zuri zaidi, mradi liwe mbali.

Halafu mgeni akatuma habari kwamba Jumamosi anakuja kwa mara ya mwisho. Asipopewa jibu, ana gari jingine aliloonyeshwa Nzega. Asubuhi ile Baba aliliosha gari kwa sabuni ya unga. Aliliosha polepole kwa viganja, akipapasa kila mkunjo wa bati, na mimi nilimshikia ndoo. Mgeni alipofika walikaa barazani. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa shati la Baba, na mkono wake ulikuwa juu ya mfuko. Chai ikapoa. Mama alisimama mlangoni na sinia. Mwishowe Baba akakohoa, akasema, "Mgeni wangu, nimefikiri, na kwa kweli naona…"

Nilijua atakataa. Niliona kwenye shingo yake.

"Uwiii! Uwiii jamani! Mpagazi kaniacha! Mpagazi wangu!"

Bi Tatu aliingia uani amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, vile wanawake wanavyojifunga msibani, na nyuma yake mtaa mzima. Walikuwamo wanakwaya wenzake Mama, walikuwamo mama zetu wa Kiislamu wa mjini, walikuwamo wanaume waliotazama chini kama wanaume wanavyofanya palipo na kilio. Walitandika mikeka mbele ya Landrova wakakaa. Bi Tatu akalikumbatia boneti na kulia kwa sauti iliyonisimamisha nywele.

Mgeni aliinuka haraka, akavua kofia. "Pole sana, mama," alisema, na mkono wake tayari uko mfukoni kutafuta rambirambi. "Poleni sana. Marehemu ni nani?"

"Si huyu hapa," alisema Bi Tatu, akionyesha taa za gari. "Kafa macho wazi. Njoo umfumbe."

Mgeni alimtazama, akalitazama gari, akamtazama Baba. Kisha akaelewa, maana hata kwao Kigoma watani wapo, akarudi kukaa na kofia yake magotini. Rambirambi ilikwisha kutoka mfukoni, na Bi Tatu hakuikataa.

"Na wewe Mnyamwezi," alimgeukia Baba, "maiti anazikwa. Wewe unamwogesha kila Jumamosi, una nini?"

"Mzaramo, nani kakualika?" Baba alijibu. "Umesikia harufu ya kuku."

"Kuku gani? Kuku wako wote wako tumboni mwa mgeni wako, ukimtikisa utawasikia."

Watu walicheka, hata mgeni. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilidhani Bi Tatu amekuja kuliokoa gari. Nani atanunua gari lenye matanga? Nilimtazama nikamwona kama jeshi zima lililotumwa kujibu maombi yangu.

Bi Tatu aliacha kulia. Alijifuta uso na pindo la kanga, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuzia vitumbua:

"Babu yako alibeba pembe za ndovu kichwani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na alikuwa anaiona njia. Wewe una gari, na njia huioni."

Kicheko kilikatika. Niliwasikia njiwa wa jirani juu ya bati.

"Hawa hawakwambii, wanakuogopa. Mimi nikuogope nini, mtumwa wangu mwenyewe? We Luhende, unadhani Mama Sado anasogeza meza kwa heshima yako? Anasogeza nyanya zake zisije zikawa sosi! Wenye baiskeli wanaruka majanini, unadhani wanakuamkia? Watoto wanaitwa ndani, unadhani uji umeiva? Kipofu mzima, unaendesha kwa macho ya mtoto wa darasa la tatu!"

Watu wote wakanitazama. Nami nikatazama vidole vya miguu yangu, na hapo hapo, kwa mara ya kwanza, niliwaona tena wale mbuzi, mikokoteni, na yule bibi wa kuni, wote niliowataja, na nikajua kwamba haukuwa mchezo. Masikio yaliniwaka moto. Nilimwogopea Baba. Hakuna mtu aliyewahi kulitamka neno lile nyumbani kwetu, hata Mama, hata kwa kunong'ona, na sasa limesemwa uani mbele ya mgeni na wanakwaya.

Baba aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli machozi yalikuwapo, lakini alikuwa anacheka.

"Sosi?" aliuliza.

"Sosi," alisema Bi Tatu. "Na wewe ndiye pilipili."

Uani palilipuka kicheko. Mama Sado mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Bi Tatu akanyoosha kiganja. "Lete ufunguo. Mfiwa hachimbi kaburi, kazi hii ni ya watani." Baba aliutoa ufunguo mfukoni, akautia kwenye kiganja kile, na Bi Tatu akamkabidhi mgeni.

Hivyo ndivyo gari letu lilivyouzwa. Mungu alikuwa amemtuma Bi Tatu kweli, ila si kwa ombi langu, na nilimkasirikia yeye na Mungu kwa pamoja.

Lakini haikuishia hapo. Bi Tatu alisema maiti haondoki bila kusindikizwa. Akamwambia mgeni aendeshe kwa mwendo wa miguu, na Baba atangulie mbele kwa miguu kama kirangozi, yule aliyeongoza msafara wa zamani na ambaye mpagazi yeyote hakuruhusiwa kumpita. Baba alivaa koti lake la kanisani. Akachukua fimbo, akatoka barabarani, na Landrova ikamfuata ikinguruma kwa chini, na mtaa mzima nyuma yake.

Nimeona mambo mengi baada ya siku ile, harusi kubwa na maandamano ya wakubwa, lakini sijaona tena kitu kama kile. Tulishika barabara ya magharibi, ile ile wanayosema misafara ilipita kwenda Ujiji. Baba alitembea katikati, mgongo wima, bila kupapasa, bila kumshika mtu. Na alikuwa akimwambia mgeni njia. "Shimo kushoto," alisema bila kugeuka, akiinua fimbo, na kweli shimo lilikuwapo. "Hapa pana jiwe, shika kulia. Hapa mchanga, weka gia ya pili, usimlazimishe." Miguu yake iliijua barabara nzima. Mimi mwenye macho nilikuwa nakimbia pembeni mwake na sikuwa na kitu cha kumtajia. Watu walitoka majumbani, na safari hii waliisogelea barabara. Wengine waligusa bati la gari likipita. Kijana mmoja alisema, "Lilimleta mama yangu," na sikujua kama alimaanisha lilimleta hospitali au lilimleta makaburini.

Tulifika pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mahindi yanaanza. Msafara ukasimama. Ili gari liende, ilibidi Baba apishe.

Hakupisha. Alisimama katikati ya barabara, mgongo kwa gari, uso magharibi. Injini ilikuwa ikinguruma. Mgeni hakupiga honi, na kwa hilo nilianza kumsamehe. Mama alishika mdomo. Nilidhani sasa ndipo Baba atakapogeuka na kusema basi, turudi nyumbani, na nadhani Baba mwenyewe pia alidhani hivyo.

Bi Tatu alimwendea. Hakupaza sauti, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema jambo bila kupaza sauti.

"Mpagazi," alisema, "tua mzigo. Umefika."

Baba alivuta pumzi. Akapiga hatua moja pembeni, halafu nyingine, mpaka akawa kwenye majani. Landrova ilipompita alinyoosha mkono, na kiganja chake kikateleza juu ya bati kuanzia boneti mpaka nyuma, mpaka bati likaisha. Vumbi lilitufunika. Tuliusikia mlio mpaka ukawa mdogo, na hata ulipokwisha hatukuondoka upesi.

Miaka mingi nilimwonea Baba uchungu kwa siku ile. Niliamini alidhalilishwa uani kwake, na kwamba alicheka kwa sababu hakuwa na la kufanya. Nilipokuwa chuoni, macho yake yakiwa yamekwisha kabisa, nilirudi likizo nikamuuliza tukiwa peke yetu barazani: siku ile Bi Tatu alipomwita kipofu mbele za watu, hakuona aibu?

"Nilijua kwamba wanajua, mwanangu," alisema. "Mtu anaijua tofauti ya kupishwa na kukimbiwa. Lakini wote walikuwa wananihurumia. Daktari alinihurumia, mama yako alinihurumia. Ukihurumiwa sana unaanza kujiona umekwisha. Mzaramo yule peke yake ndiye aliyenitukana." Akatabasamu kuelekea upande aliodhani nimekaa, ambako sikuwapo. "Na mtu aliyekwisha hatukanwi."

Nililia sana kwa ajili ya lile gari, nikiamini kwamba mtaa ulikuja kumnyang'anya Baba. Kumbe walikuja kumchukua Baba abaki nao, na gari ndilo walilokubali liende.